Kalibu za Risasi ya Lund

Kifurushi kilifika Alhamisi, miezi kumi na minne tangu Orrin Dahl atume pesa, na miezi minane tangu amzike mkewe. Kilikuwa kidogo, hakizidi ukubwa wa mkate, lakini mwanamke wa posta alikibeba kwa mikono miwili.

"Mzee Dahl, umeagiza nanga? Hapa Montana bahari hatuna."

"Vyuma tu," akasema Orrin.

"Vyuma gani hivyo? Aliyetuma amevikatia bima ya dola mia sita themanini. Haya, weka sahihi hapa."

Neno bima lilimpitia Orrin kifuani kama mwiba. Akasaini, akakiweka kifurushi kwenye kiti cha pikapu upande wa abiria. Akawasha gari. Kisha akazima, akakitoa pale kitini alipozoea kukaa Lavonne, akakiweka chini, miguuni.

Alijua kilichomo. Ndani mlikuwa na kalibu mbili za kujazia risasi, za kuagiza, zilizokerezwa kwa bunduki moja tu katika dunia nzima.

Watu wa bonde lile hawanunui risasi kama wanunuavyo pipi. Ganda la shaba likishapigwa halitupwi. Linaokotwa, linasafishwa, linapakwa mafuta na kusukumwa kwa mashine ya mkono ndani ya kalibu ya chuma ili lirudi kwenye umbo lake, ndipo linatiwa fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya. Kwa bunduki za kawaida kalibu zipo dukani, dola sitini na kitu, unachukua unaondoka. Bunduki ya Lavonne haikuwa ya kawaida. Baba yake, Einar Lund, aliyekuwa mnoa misumeno kiwandani, alibuni ganda lake mwenyewe, akaichonga chemba ya bunduki, tundu linamokaa ganda, ilifuate ganda hilo, na akatengeneza kalibu zake kwa mkono. Watu wakaiita risasi ya Lund. Einar alipokufa alimwachia Lavonne bunduki, kalibu, na kibandiko cha karatasi chenye vipimo vya baruti.

Kalibu zile za Einar ziliharibiwa na mafuriko. Na mafuriko yenyewe, Orrin hakuchoka kusema, yaliletwa na wakubwa wa kaunti walioacha mtaro wa barabara uzibe kwa magogo miaka mitatu huku wakijipandishia mishahara. Maji yaliingia chumba cha chini, yakakaa siku tisa, na kalibu zikaliwa na kutu. Zikabaki risasi nzima sita.

"Iache ining'inie ukutani," Lavonne alisema, akiipangusa bunduki kwa kitambaa. "Mimi nayo tumestaafu."

Lakini Oktoba ilipofika, wenzake walipopanda mlimani kuwinda elki, wale kulungu wakubwa, alisimama dirishani na kikombe cha kahawa mpaka kahawa ikapoa.

Ndivyo lilivyoanza wazo la Orrin, na mwanzoni lilikuwa wazo jema. Ilibaki miaka miwili watimize miaka arobaini na tano ya ndoa. Alimpata fundi mmoja jimbo la jirani anayekereza kalibu za kuagiza, akampigia simu akiwa gereji ili Lavonne asisikie. Fundi akamwambia bei bila kusita: kalibu zenyewe mia nne na ishirini, na kwa kuwa umbo hilo hakuna mwingine mwenye nalo, kisu cha kulichongea nacho lazima kitengenezwe, mia mbili na sitini. Pesa zote mbele. Hazirudi, maana kalibu hizo haziwezi kuuzwa kwa mtu mwingine. Na foleni ni ndefu, mwaka au zaidi.

Orrin hakuwa na mia sita themanini. Kiwanda kilipofungwa, wenye kiwanda walikwenda Florida na pensheni ikakatwa nusu. Aliyekuwa na pesa ni Lavonne. Kwenye droo ya cherehani aliweka dola mia sita na tisini, za jamu ya matunda ya porini na za mablanketi ya viraka aliyoshona kipupwe kizima.

Pesa hizo zilikuwa na kazi. Kifua chake kilikuwa kinambana akipanda ngazi. Daktari alitaka moyo upigwe picha kwa mashine kubwa. Kampuni ya bima ikakataa, kwa barua. Wakakata rufaa, ikakataa tena, barua ya pili ikiwa na sahihi isiyosomeka. Hospitali ikasema mkilipa taslimu tutawapunguzia, leteni mia saba. Lavonne alikuwa anatafuta dola kumi za mwisho.

Orrin alizichukua Agosti, siku Lavonne alipokwenda kanisani kupika. Alijiambia mambo matatu. Kwamba rufaa ya pili ingeshinda, maana haki ni haki. Kwamba angeuza kuni na kuzirudisha kabla ya theluji. La tatu hakujiambia kwa maneno, ila lilikuwepo: jirani yake Buster Pruitt alikuwa ametangaza mbele za watu, kwenye meza ya kahawa, kwamba hakuna mwanadamu atakayetengeneza tena kalibu za Lund, na Orrin alitaka kumwona Buster akinyamaza.

Septemba Lavonne alifungua droo.

"Orrin, pesa zangu."

"Giaboksi," akasema Orrin. Neno lilitoka lenyewe, laini, kama alilifanyia mazoezi. "Giaboksi ya gari ilikuwa inakufa. Sikutaka kukutia wasiwasi."

Lavonne alikaa kwenye kiti cha cherehani. Halafu akasema, "Basi gari kwanza. Bila gari hata hiyo hospitali tutafikaje?"

Rufaa ya pili haikujibiwa. Kuni hazikuuzika, kwa sababu wakubwa wa misitu waliifunga barabara ya juu. Februari, asubuhi, Lavonne akiwa anakanda unga wa chapati za viazi, alianguka kati ya jiko na meza, na Orrin alipomfikia mikono yake ilikuwa bado na unga.

Tangu siku hiyo Orrin alikuwa na wimbo mmoja. Kampuni imeua mke wangu. Aliuimba posta, aliuimba kanisani, aliuimba kwenye simu kila Jumapili kwa binti yake Carleen, na watu walimshika bega na kusema pole mzee, ni kweli, hao ni wauaji. Kila aliposhikwa bega alitamani ardhi ipasuke.

*

Ijumaa asubuhi Buster alikuja mwenyewe. Habari za kifurushi kizito zilikuwa zimetoka posta zikamfikia kabla hajamaliza mayai yake.

"Fungua basi, bwana. Unakitazama kama kimekuja na polisi."

Orrin akakata utepe. Kalibu zilikuwa zimelazwa kwenye sifongo, mbili, zinang'aa, jina LUND limechorwa ubavuni kwa herufi ndogo safi. Buster aliishika moja, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani. Alikuwa amefanya kazi chini ya Einar miaka kumi na miwili. Chuma alikijua kama watu wengine wanavyojua mbwa wao.

"Haya," akasema polepole. "Nafuta kauli. Nilisema hazitatengenezwa tena, na hizi hapa. Furahi, mzee. Leo umeninyamazisha."

Orrin alingoja furaha. Haikuja.

Wakafunga kalibu kwenye mashine mezani. Orrin akatoa ganda kutoka kwenye chupa ya maganda yaliyopigwa, akalipaka mafuta kwa vidole, akashusha mkono wa mashine. Ganda likaingia kwa ukinzani mtamu, likatoka. Akalifuta, akaishusha bunduki ya Lavonne ukutani, akaliingiza ganda kwenye chemba, akasukuma komeo.

Komeo halikufunga.

"Usilazimishe," Buster akasema.

"Labda uchafu."

"Toa. Jaribu jingine."

Jingine likagoma vilevile. La tatu pia. Buster akatoa kipimo chake cha chuma kutoka mfuko wa shati, akavaa miwani, akalipima ganda, akaandika kwa penseli juu ya ubao wa meza. Kisha akaomba moja ya zile risasi sita nzima, akaipima nayo, akaandika. Akazitazama namba mbili zile muda mrefu.

"Ganda lako lina bega refu. Na kiuno kinene. Sio sana, unene wa karatasi mbili tatu. Lakini kwa bunduki karatasi tatu ni ukuta." Akavua miwani. "Orrin, yule fundi ulimpelekea nini apimie?"

"Maganda matatu yaliyopigwa. Si ndivyo wanavyotaka? Ganda likipigwa linavimba na kuchukua umbo la chemba, yeye anachonga kwa kufuata hilo."

"Ndivyo. Maganda ya chupa ipi?"

"Hii."

"Ya kifuniko chekundu."

"Kwani kuna tofauti?"

Buster akavuta kiti, akakaa, akauma midomo. Orrin hakupenda alivyokaa. Alikaa kama daktari.

"Mtutu ulilika," Buster akasema. "Miaka mingi ya moto wa baruti. Einar akaukata nyuma, akaurudisha kwenye bunduki, akaichonga chemba upya, na safari hii akaibana zaidi, fupi begani, nyembamba kiunoni. Alisema ya kwanza aliichonga akiwa kijana, mkono haujatulia. Maganda ya chemba ya zamani akayatia kwenye chupa yenye kifuniko chekundu, maana yule mzee hakuwa mtu wa kutupa shaba. Ya chemba mpya ni ya kifuniko cha bluu. Mimi nilikuwepo. Lavonne pia alikuwepo, msichana wa miaka kumi na saba. Ndiye aliyemshikia taa."

"Kalibu si inaweza kuchubuliwa kidogo kitakoni?"

"Ingekuwa urefu tu ningekuchubulia leo leo, na bia ungeninunulia. Lakini kiuno, ndugu yangu, kiuno hakichubuliki. Shimo likishakuwa pana ni pana."

Orrin akaishika kalibu. Ilikuwa baridi.

"Hakukuuliza?" Buster akasema. "Hao mafundi huwa wanauliza."

"Aliuliza. Aliniuliza kwenye simu, una hakika ni maganda ya mtutu huu huu? Nikamwambia nina hakika kama ninavyojijua jina."

"Kwa nini hukupiga risasi tatu katika hizi sita, ukampelekea hizo?"

"Zilikuwa zake. Nilitaka azikute zote."

"Basi si ungemuuliza mwenyewe chupa ipi? Agosti ile alikuwa mzima, anakula, anacheka. Lavonne angekujibu bila hata kugeuka kutoka jikoni."

"Ilikuwa zawadi. Ya siku ya ndoa. Ya kumshtukiza."

Buster alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma hiyo Orrin angeweza kuivumilia, lakini Buster alikuwa mtu wa hesabu. Macho yake yakaenda kwenye lebo ya kifurushi, yakarudi.

"Mia sita themanini. Mwaka jana ulikuwa unaniazima petroli ya msumeno, wewe. Ulizitoa wapi?"

"Nilikuwa nazo."

"Ulikuwa nazo."

"Nimesema nilikuwa nazo, Buster! Au mpaka nilete risiti?"

"Basi, yaishe." Buster akasimama, akarudisha kipimo mfukoni. Mlangoni akageuka. "Usimpigie fundi kumtukana. Yeye hajakosea hata unywele. Hizi ni kalibu kamili kabisa. Ila bunduki inayozitaka Einar aliikata miaka hamsini iliyopita."

Orrin alimpigia hata hivyo. Alipiga mchana, akasikia simu ikiita, akaandaa matusi. Sauti ilipoitika, ya mtu mtulivu mwenye mashine ikizunguka nyuma yake, Orrin akasema, "Zimefika. Kazi safi," akakata.

Akakaa pale mezani. Alitafuta njia ya kuwarudishia wakubwa wa kaunti lawama hii, kwa mafuriko. Akajaribu wenye kiwanda. Akajaribu wakubwa wa misitu. Kila mmoja alistahili sehemu yake, na Orrin hakuwa tayari kumsamehe hata mmoja wao. Lakini hakuna hata mmoja aliyefungua ile droo ya cherehani.

*

Carleen alifika Jumamosi adhuhuri kutoka Missoula, na bahasha kwapani na sufuria ya supu ya maharage mkononi.

"Baba, umekonda. Unakula au unakula biskuti?"

"Biskuti ni chakula."

"Chakula cha panya. Kaa." Akawasha jiko, akaweka sufuria. Alikuwa na mabega ya mama yake na sauti ya babu yake, na alipangusa meza ambayo haikuwa chafu. "Supu ikipata moto tusaini karatasi. Jumanne saa tatu, mjini Helena, mbele ya wale wa serikali wanaosimamia bima. Yule mwanasheria wa bure amesema tuna kesi. Baba, amesema tuna kesi!"

"Wataogopa?"

"Wameshaogopa. Wameleta mtu kutoka makao makuu, na tai yake shingoni."

Kwa dakika chache Orrin alikuwa na raha. Walikaa, binti akasoma hati ya kiapo kwa sauti, na baba akaingilia kila aya kwa matusi yake, Carleen akicheka na kumwambia, "Hilo hatuandiki, baba, hilo utalisema ukiwa nje." Aya ya kwanza ilikuwa juu ya kifua cha Lavonne. Ya pili, barua ya kwanza ya kukataa. Ya tatu, barua ya pili. Kisha akafika ya nne, na akapunguza mwendo.

"'Mimi na marehemu mke wangu tuliishi kwa pensheni iliyokatwa nusu, na wakati wowote ule hatukuwa na pesa za kulipia kipimo hicho wenyewe.' Hii ndiyo kubwa. Wao wanadai mama angeweza kulipa taslimu kisha akaendelea na rufaa, kwa hiyo kifo si juu yao. Aya ya nne inawafunga mdomo. Chukua kalamu."

Orrin akachukua kalamu. Carleen akashika karatasi isiteleze, kama alivyokuwa akimshikia mama yake kitambaa kwenye cherehani.

Supu ilianza kuchemka. Kalamu haikushuka.

"Pale chini, baba. Kwenye mstari."

"Naona mstari."

"Sasa?"

"Aya ya nne ifute," Orrin akasema.

"Nifute nini? Si nimekwambia ndiyo—"

"Pesa zilikuwepo."

Carleen alimtazama kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa na hana hakika. "Pesa zipi?"

"Za droo ya mama yako. Mia sita na tisini. Zilipungua dola kumi tu."

"Hizo zilikwenda kwenye giaboksi. Mama aliniambia mwenyewe."

"Giaboksi haikuwa na ugonjwa wowote."

Akainuka kabla hajaulizwa, akaenda meza ya dirishani, akaleta sanduku, akaliweka kando ya hati. Carleen akainua kalibu moja. Hakuhitaji kuelezwa, alikulia kwenye ile meza, alijaza risasi kabla hajajifunza kuendesha gari. Akalisoma jina la babu yake kwa kidole.

"Hizi?"

"Hizi."

"Mia sita..."

"Themanini. Nilizichukua Agosti. Nilitaka kumshtukiza. Nikadhani nitauza kuni nizirudishe."

"Angalau zinafanya kazi?"

"Hapana. Nilipeleka maganda ya chupa isiyo yake."

Carleen akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi kibaya, akakifunika kwa mkono, na mkono ulipoondoka hakuwa anacheka tena.

"Mama alijua?"

"Hapana. Aliamini ya gari."

"Una hakika?"

Orrin akafungua mdomo kusema ndiyo. Alikumbuka jinsi Lavonne alivyokaa kwenye kile kiti kabla ya kujibu. "Sina," akasema.

"Miezi minane, baba. Kila Jumapili. Mimi nalia huku, wewe unaniambia wameua, Carleen, wameua. Maisha yangu si hiyo kampuni tu, mimi nina kazi, nina watoto, nimekaa usiku na mchana naandika hizi karatasi kwa sababu yako, kwa sababu ulikuwa unalia!"

"Na wameua. Barua mbili walizo—"

"Usianze! Leo usianze!"

 Supu ilipanda ikamwagika kwenye moto, hakuna aliyeinuka.

"Unajua ukiyasema haya Jumanne itakuwaje?" Carleen akasema, sauti imeshuka. "Yule wa tai atanyoosha miguu chini ya meza. Atasema mnaona, pesa zilikuwepo, mzee amenunulia vyuma. Watakwenda kula chakula cha mchana."

"Najua."

"Watakuwa wameshinda, na wewe ndiye uliyewapa."

"Najua, Carleen." Akaivuta hati. "Basi ukitaka nisaini, nasaini. Nitakula kiapo cha uongo. Mimi nina miaka sabini na moja, watanifunga nini? Wao wanadanganya kila siku na makoti yao. Wewe sema tu. Ukisema nisaini, nitasaini."

Alidhani anampa kitu. Akauona uso wa binti yake ukibadilika, na hapo ndipo akaelewa alichokifanya.

"Mimi niseme," Carleen akasema. "Mimi. Halafu nikisema, itakuwa Carleen ndiye aliyekutuma kudanganya. Utakuwa umepata mwingine wa kumsingizia." Akasimama, kiti kikakwaruza sakafu. "Usinitwishe hilo, baba. Hata kidogo."

Akatoka. Orrin alimwona kwa dirisha, amesimama kando ya gari lake bila koti, mikono kwapani, anatazama mlima. Theluji ya kwanza ilikuwa imekaa juu kabisa. Hakuondoka, lakini hakugeuka pia.

Orrin alizima jiko. Alirudi mezani, akaigeuza hati upande wa nyuma, usio na maandishi. Aliacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akaenda kubeba mbao, na tangu hapo kazi zote za kuandika nyumba ile zilikuwa za Lavonne. Hata kadi za Krismasi yeye aliweka jina tu. Aliandika polepole, akibonyeza kwa nguvu. Alianza na kampuni, jinsi ilivyokataa. Akasoma, akaona kwamba ameanza tena na wengine, akakata mstari wote. Akaandika:

Mke wangu Lavonne Dahl alikuwa na dola 690 za kupimwa moyo. Nilizichukua bila kumwambia nikanunua kalibu za risasi. Akiniuliza nikamdanganya ni gari. Akasubiri. Akafa.

Alitafuta kitu cha kuongeza, cha kujitetea, kwamba alimpenda, kwamba ilikuwa zawadi. Kilikuwa kweli. Akakiacha kisiandikwe. Akaweka jina lake.

Carleen aliporudi pua ilikuwa nyekundu. Akasoma akiwa amesimama, akasoma tena, akaweka karatasi chini taratibu.

"Weka na tarehe."

Akaweka tarehe.

"Barua zao mbili zilikuja Mei na Julai," Carleen akasema. "Kabla hujagusa droo. Hizo bado ninazo, na hizo ni zao, nitawabana nazo mpaka mwisho. Nikishindwa, nimeshindwa." Akaikunja hati, akaitia kwenye bahasha. "Hili lako utalisema wewe, kwa mdomo wako, mbele yangu na mbele ya yule wa tai. Sitakusomea."

"Nitalisema."

"Jumanne saa tatu."

"Tutakwenda pamoja?"

"Tutakutana huko."

Akaenda ukutani, akaishusha bunduki ya mama yake, akafungua komeo kuhakikisha ni tupu, akaichukua na zile risasi sita. Hakuomba. Alipopita mezani Orrin akalisogeza sanduku la kalibu kuelekea kwake, kidogo, kwa vidole viwili.

"Hizo baki nazo," Carleen akasema.

Gari lake liliposhuka kwenye mchanga wa barabara Orrin alibaki amesimama mlangoni, mlango wazi, baridi ikiingia. Mtu mmoja alipita na trela ya farasi, akampungia, akapunguza mwendo, akateremsha kioo.

"Vipi mzee Dahl! Kesi ya wale wauaji imefikia wapi?"

Orrin akashuka ngazi mpaka kwenye gari lile, ili asilazimike kupiga kelele, akaanza kumweleza, na alianzia kwenye droo ya cherehani.